Kesi za ugaidi ziwekewe kikomo cha muda

Mjadala wetu kuhusu Sheria ya Kuzuia Ugaidi umekwama mahali pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Wapo wanaosema sheria hii ni kali mno, ifutwe. Wapo wanaojibu kwamba gaidi hana huruma, ukimlegezea ataua, kwa hiyo makali yabaki na ikibidi yaongezwe. Wote wanabishania makali. Nimezifuatilia kesi hizi kwa muda mrefu nikiwa hapa Dodoma, mji ambako sheria zinatungwa, na kila ninapozirudia naona kwamba haki za watu zimeumizwa zaidi mahali ambapo wabishani hawapaangalii. Zimeumizwa katika muda unaopita kati ya siku mtu anapokamatwa na siku jaji anapoanza kusikiliza ushahidi dhidi yake.

Sheria hiyo ilipitishwa hapahapa, Novemba 2002, Spika akiwa Pius Msekwa. Haikuzuka tu. Agosti 7, 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam na kuua watu 11, siku ileile ambayo Nairobi ilipoteza zaidi ya watu 200. Yalipofuata mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1373, likazitaka nchi zote ziufanye ugaidi na ufadhili wake kuwa makosa ya jinai. Sisi na Uganda tulitunga sheria zetu mwaka 2002. Kenya ilichelewa hadi 2012, kwa sababu muswada wake wa kwanza wa 2003 ulipingwa vikali na wananchi, wakiwemo Waislamu wa Pwani waliohofu kwamba ungewalenga wao.

Walioiandika sheria yetu hawakusahau haki kabisa, na ni vizuri kulisema hilo kwa sababu wengi wanaoipinga hawajaisoma. Kifungu cha 4, kinachoeleza ugaidi ni nini, kinasema pia kwamba kitendo kinachovuruga huduma, kikifanywa katika maandamano, malalamiko ya umma au mgomo wa kazi, hakihesabiwi kuwa ugaidi ilimradi hakikukusudiwa kuleta madhara makubwa yaliyotajwa humo. Maneno hayo yana uzito. Yanatenganisha mfanyakazi anayegoma na mtu anayepanga kulipua. Ila yana udhaifu mmoja: yanafanya kazi mbele ya jaji tu, siku kesi inaposikilizwa. Mtu anapokuwa bado anasubiri kusikilizwa, hayamsaidii chochote.

Na hatari ipo, tusidanganyane. Kati ya mwaka 2015 na 2017 watu wengi waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, mkoani Pwani. Wengi wao walikuwa viongozi wa vijiji na vitongoji, watu waliokuwa wakipigwa risasi nyumbani kwao jioni mbele ya familia zao. Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliviziwa na kuuawa Kibiti. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, wakachoma nyumba na kuua raia. Agosti 25, 2021 mtu mmoja mwenye silaha aliua askari 3 na mlinzi mmoja karibu na ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam, mchana kweupe. Mjane wa mwenyekiti wa kitongoji ana haki ya kuishi na kulindwa kama mtu mwingine yeyote, na dola isiyomlinda imeshindwa kazi yake ya kwanza. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba polisi wanyang'anywe uwezo wa kupeleleza. Wapewe. Ninachouliza ni kinachomtokea mtuhumiwa baada ya kukamatwa.

Nenda mahakama yoyote ya Hakimu Mkazi asubuhi ambayo karandinga limeleta mahabusu. Utaratibu wa kesi ya ugaidi ni uleule wa kesi ya mauaji: inafunguliwa kwanza mahakama ya chini, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza, na mshitakiwa anaambiwa hatakiwi kujibu chochote. Kisha inaanza kutajwa. Karani anaita namba ya shauri. Washitakiwa wanasimama kizimbani. Wakili wa Serikali anainuka: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa. Upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Wakili wa utetezi, kama yupo, analalamika kwamba hilo ndilo jibu lililotolewa mara iliyopita. Hakimu anaihimiza Jamhuri, yaani upande wa mashitaka, iharakishe, kwa sababu hana uwezo wa kufanya zaidi ya kuihimiza. Tarehe inapangwa, wiki mbili mbele. Jambo zima halichukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Kwenye benchi la nyuma mama aliyetoka Kondoa kwa basi la alfajiri anajaribu kumpungia mwanawe mkono kabla askari hajamgeuza. Wiki mbili baadaye atapanda basi tena, na safari hii nauli atakopa. Mwaka ukiisha, mama huyo atakuwa ameuza gunia la alizeti baada ya gunia, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia mwanawe anatuhumiwa kufanya nini hasa, lini, na nani aliyemwona.

Hapo ndipo vinapokutana vitu vitatu ambavyo kila kimoja peke yake kinaweza kuvumilika. Kwanza, ugaidi umo kwenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, katika kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ambacho mawakili wote wanakijua kwa namba 148(5). Jaji haruhusiwi hata kuuliza kama mshitakiwa huyu anaweza kutoroka au la. Jina la kosa kwenye hati ya mashitaka linatosha kumweka ndani. Pili, hata marekebisho ya mwaka 2022, yaliyozuia watu kufikishwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, yaliacha nje makosa makubwa. Tatu, Mkurugenzi wa Mashitaka, DPP, anaweza kuliondoa shauri wakati wowote kabla ya hukumu kwa kusema tu kwamba hana nia ya kuendelea nalo, bila kutoa sababu. Ukiviunganisha vitatu hivyo unapata adhabu kamili ya kifungo ambayo haikutolewa na hakimu wala jaji yeyote.

Kesi tatu zinaonyesha jambo hili waziwazi.

Machi 2013 Wilfred Lwakatare, wakati huo mkurugenzi wa ulinzi na usalama wa Chadema, alishitakiwa kwa ugaidi pamoja na mwenzake. Mawakili wake walikwenda Mahakama Kuu mapema. Mei 2013 Jaji Lawrence Kaduri aliyafuta mashitaka ya ugaidi, likabaki shitaka la kula njama ya kutumia sumu, ambalo lina dhamana. Haikufika miezi mitatu.

Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, akiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, walikamatwa Zanzibar, wakaletwa Bara na kushitakiwa kwa ugaidi mwaka 2014. Walitoka Juni 2021, DPP alipoondoa mashitaka. Karibu miaka saba. Katika muda huo wote hakuna mahakama iliyowatia hatiani, na hakuna iliyowasafisha. Watoto waliowaacha darasa la kwanza waliwakuta wamemaliza shule ya msingi.

Kisha Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema. Alikamatwa Mwanza usiku wa kuamkia Julai 21, 2021, chama chake kilipokuwa kinajiandaa kwa kongamano la Katiba mpya, akaunganishwa na askari wa zamani watatu katika kesi ya kula njama na kufadhili vitendo vya ugaidi, ikiwemo madai ya mpango wa kulipua vituo vya mafuta. Kesi hiyo ilisikilizwa mfululizo, mbele ya Jaji Mustapha Siyani na baadaye Jaji Joachim Tiganga, na Watanzania waliifuatilia shahidi kwa shahidi. Februari 2022 mahakama ilisema washitakiwa wana kesi ya kujibu. Machi 4, 2022, kabla hawajaanza kujitetea, DPP akasema hana nia ya kuendelea. Jioni hiyohiyo Mbowe alikuwa Ikulu akizungumza na Rais Samia Suluhu Hassan. Mimi nilifurahi kuona wanazungumza, nchi ilihitaji mazungumzo hayo. Lakini kama raia nina haki ya kuuliza: kama ushahidi wa ugaidi ulikuwepo, kwa nini kesi iliachwa katikati? Na kama haukuwepo, nani alimweka mtu huyu ndani zaidi ya miezi saba, na nani anajibu kwa ajili ya wale askari wa zamani watatu ambao majina yao hayakuwa na uzito wa kisiasa na ambao walikaa ndani muda mrefu kuliko yeye?

Linganisha kesi hizo tatu. Sheria ilikuwa ileile, tafsiri ya ugaidi ni ileile, adhabu ni zilezile. Kilichotofautiana ni jinsi jaji alivyowahi kuyaangalia mashitaka na kuuliza kama yana mashiko. Jaji alipoyaona mapema, ilichukua wiki chache. Alipochelewa kuyaona, ilichukua miaka. Ndiyo maana nasema tunabishania mahali pasipo.

Katiba yetu ina jibu, na ni jibu la Kitanzania, halikuletwa na wafadhili. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshitakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu. Ibara ya 30 nayo inakubali kwamba haki hizo zinaweza kuwekewa mipaka kwa ajili ya usalama wa jamii. Wanaotetea sheria hupenda kusimama kwenye ibara ya 30, na wana haki ya kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba Mahakama ya Rufani imeshaeleza ibara hiyo ina masharti gani. Katika kesi ya Daudi Pete mwaka 1991, iliyoanzia kwa Jaji James Mwalusanya kule Mwanza, ilibatilisha kipengele kimojawapo cha kifungu hichohicho cha 148(5), ikisema kilikuwa kipana kiasi cha kumnasa hata asiyekusudiwa na hakikuwa na utaratibu wa kumlinda mshitakiwa. Katika kesi ya Kukutia ole Pumbun ikaweka kipimo: sheria inayobana haki lazima iwe na kinga dhidi ya matumizi ya kionevu, na isibane zaidi ya inavyohitajika kufikia lengo lake. Mwaka 2018, katika kesi ya Mtobesya, ilikubali kwamba DPP hawezi kuzuia dhamana kwa hati yake tu bila mshitakiwa kusikilizwa.

Halafu ikaja kesi ya Dickson Sanga. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema orodha nzima ya makosa yasiyo na dhamana ni kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema Katiba inaruhusu mtu kunyimwa uhuru kwa utaratibu uliowekwa na sheria, na orodha ile ni utaratibu huo. Naiheshimu Mahakama ya Rufani. Kwa hoja hii siikubali. Utaratibu ni pale mtu anaposikilizwa na mwamuzi mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana. Orodha inayomfunga mwamuzi mdomo imeondoa utaratibu badala ya kuuweka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilifikia msimamo wa namna hiyo Juni 2023 katika shauri la Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, ikaona kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Inasikitisha kwamba nchi inayoikaribisha mahakama hiyo iliwaondolea wananchi wake njia ya kuifikia moja kwa moja, kwa uamuzi wa Novemba 2019 ulioanza kutumika mwaka mmoja baadaye.

Najua hoja ya upande wa pili, na nimeisikia kutoka kwa watu waliofanya kazi hiyo. Ugaidi haupelelezwi kama wizi wa ng'ombe. Fedha zinapita nchi nyingine, simu zinatakiwa kuchambuliwa, mashahidi wanaogopa kufa. Ukimpa mtuhumiwa dhamana leo, kesho yuko ng'ambo ya mpaka au shahidi amekutwa ameuawa. Hoja hii ina ukweli na yeyote anayeipuuza hajui Kibiti ilikuwaje. Lakini itazame vizuri: ni hoja ya kumnyima dhamana mtu fulani kwa sababu fulani. Wakili wa Serikali mwenye sababu hizo anaweza kuziweka mbele ya jaji, kwa faragha pale inapobidi, na jaji yeyote mwenye akili timamu atamkatalia dhamana mtu wa namna hiyo. Mashahidi nao wana sheria yao tangu mwaka 2015, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Itumike, itengewe fedha. Hakuna katika hoja hiyo kinachohalalisha kumweka ndani mtu ambaye Serikali haina sababu ya kumhofia, na kumweka kwa muda ambao hakuna anayeuhesabu.

Waingereza walipita njia hii wakiwa na maumivu mabichi. Julai 7, 2005 mabomu yaliua watu 52 katika usafiri wa umma London. Serikali ya Tony Blair ikaenda bungeni kuomba polisi waruhusiwe kumshikilia mtuhumiwa wa ugaidi siku 90 kabla ya kumfungulia mashitaka. Novemba 9 mwaka huohuo Bunge lilikataa kwa kura 322 dhidi ya 291, na miongoni mwa waliokataa walikuwemo wabunge wa chama cha Blair mwenyewe. Walikubali siku 28, na tangu 2011 ukomo ni siku 14, kwa idhini ya jaji. Sisemi Uingereza ni malaika. Iliwahi kuwaweka wageni kizuizini bila mashitaka hadi majaji wake wa ngazi ya juu wakasema mwaka 2004 kwamba hiyo ni kinyume cha haki za binadamu. Ninachotaka wabunge wetu wakione ni kwamba wenzao walipiga kura dhidi ya serikali ya chama chao miezi minne tu baada ya kuzika watu, na nchi haikusambaratika.

Kenya iko karibu zaidi na mfano wake ni mgumu zaidi. Februari 23, 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ilibatilisha vifungu 8 vya Sheria ya Usalama iliyopitishwa kwa vurugu bungeni Desemba 2014. Wiki chache baadaye, Aprili 2, Al-Shabaab wakaua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa. Wapo waliosema: mnaona? Mahakama imewafunga mikono polisi. Lakini ukivisoma vifungu vile, kimoja kilihusu kuweka ukomo wa wakimbizi 150,000 nchi nzima, kingine kilihusu vyombo vya habari. Hakuna hata kimoja ambacho kingewaokoa wanafunzi wale. Kilichowaangusha ni kikosi maalumu kilichochukua saa nyingi kufika Garissa. Kuongeza mamlaka kwenye karatasi hakuharakishi helikopta.

Na sisi tuna somo letu hapa Dodoma. Septemba 7, 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi nyingi mchana, akiwa ametoka Bungeni, nje ya nyumba za viongozi Area D. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilikuwepo na mamlaka yote ya kukamata, kupekua na kufuatilia mawasiliano yalikuwepo. Hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa tukio hilo. Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, alichukuliwa Novemba 2017 na hajaonekana tena. Ukipima sheria kwa kazi inayofanya, matukio haya mawili yanatakiwa kuwamo kwenye mizani.

Kibiti inanirudisha kwenye jambo ambalo watu wa usalama wanalijua kuliko mimi. Wauaji wale hawakuwachagua viongozi wa vitongoji kwa bahati mbaya. Waliwachagua kwa kuwa ndio waliokuwa wakifikisha taarifa polisi. Walikuwa wanaziba masikio ya dola, mwenyekiti mmoja baada ya mwingine. Dhidi ya adui wa namna hiyo, silaha kubwa ya Serikali ni mwanakijiji anayethubutu kusema. Sasa mwanakijiji huyo akimwona jirani yake, kijana anayemjua kuwa hana hatia, anachukuliwa na kutorudi kwa miaka bila kusikilizwa, atajifunza kunyamaza. Atawanyamazia wote wawili, muuaji na askari. Mwaka 2017 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, liliwahoji watu waliojiunga kwa hiari na makundi yenye msimamo mkali katika nchi kadhaa za Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, ikiwemo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Kwa hiyo mahabusu anayekaa ndani miaka saba bila hukumu anaiongezea Serikali kazi.

Nini kifanyike? Kwanza kabisa ukomo. Mtu akishashitakiwa kwa ugaidi, upelelezi upewe miezi sita. Ikipita, Jamhuri iende kwa jaji wa Mahakama Kuu, si hakimu asiye na mamlaka, ieleze imefanya nini katika miezi hiyo na imebakisha nini. Jaji anaweza kuongeza muda, kwa maandishi na kwa sababu, mara moja au mbili. Baada ya hapo ama kesi isikilizwe ama mtu aachiwe kwa dhamana yenye masharti. Miezi sita si muda mfupi. Wapelelezi wetu wenyewe wameonyesha wanaweza: katika kesi ya Mbowe, mashahidi wa Jamhuri walikuwa wanapanda kizimbani ndani ya miezi miwili tangu akamatwe. Jaji huyohuyo apewe pia uwezo wa kuyatazama mashitaka mwanzoni kabisa na kuuliza kama maelezo yaliyomo, hata yakiwa kweli yote, ni ugaidi kwa mujibu wa kifungu cha 4. Lile lililomsaidia Lwakatare lisiwe bahati ya mwenye mawakili wazuri.

Dhamana irudi mikononi mwa jaji. Hili halihitaji maneno mengi zaidi ya niliyosema.

Mahojiano ya polisi yarekodiwe kwa sauti na picha. Katika kesi ya Mbowe, siku nyingi zilitumika kubishana kama mmoja wa washitakiwa alitoa maelezo yake kwa hiari au baada ya kuteswa, na kama yalichukuliwa ndani ya saa 4 ambazo sheria inaziruhusu. Oktoba 2021 mahakama iliamua maelezo hayo yapokelewe. Wanaoamini kijana aliteswa bado wanaamini, na wanaoamini hakuteswa bado wanaamini, kwa kuwa hakuna mkanda wa kutazama. Kamera ingemlinda mshitakiwa, na kama askari walifanya kazi yao sawasawa ingewalinda wao pia. Tukiwa hapo, utesaji utajwe kuwa kosa la jinai kwa jina lake, kama Uganda ilivyofanya mwaka 2012 na Kenya mwaka 2017. Katiba yetu imeukataza katika ibara ya 13(6)(e), lakini askari anayemtesa mtuhumiwa leo atashitakiwa kwa shambulio au kujeruhi, makosa ambayo hata watu waliogombana kilabuni Chang'ombe wanashitakiwa nayo.

Uamuzi wa DPP kuondoa kesi ya ugaidi nao uambatane na sababu. Ibara ya 59B ya Katiba inampa uhuru wa kutoingiliwa, na nauunga mkono uhuru huo kwa moyo wote. Ibara hiyohiyo inamtaka azingatie nia ya kutenda haki na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki. Mtu akishakaa mahabusu zaidi ya mwaka na kesi ikaondolewa, DPP aieleze Mahakama Kuu kwa nini ilifunguliwa na kwa nini imeondolewa. Pale ambapo jaji ataona haikuwa na msingi tangu mwanzo, fidia ilipwe, na ilipwe bila mtu kulazimika kufungua kesi nyingine ya miaka mitano.

Usimamizi ni jambo rahisi kuliko yote, kwa sababu taasisi tunayo na ipo mjini hapa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa mujibu wa ibara ya 131 ya Katiba, huandaa taarifa kila mwaka wa fedha na waziri huiwasilisha Bungeni. Ndani ya taarifa hiyo iwekwe sura moja: watu wangapi wanashikiliwa kwa ugaidi, katika magereza gani, tangu lini, wangapi wametiwa hatiani, wangapi wameachiwa. Takwimu hizo hazimfichulii adui siri yoyote. Maofisa wa Tume waruhusiwe kuingia bila taarifa katika kila mahali ambapo mtuhumiwa wa ugaidi anaweza kuwekwa, kuanzia gereza la Isanga hadi vituo vya polisi vya pembezoni.

Mwaka 2023 Tume ya Rais ya Kuangalia Jinsi ya Kuboresha Taasisi za Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi nzima kusikiliza wananchi na kukabidhi ripoti yake Julai. Kazi ya kukusanya malalamiko imekwisha. Kilichobaki ni cha wabunge. Serikali huleta Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali karibu kila mwaka, na kila ninachokitaka, tukiacha kosa jipya la utesaji, kinaweza kuingia humo kwa vifungu visivyozidi kumi. Muswada ukisomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria, ambayo hualika wadau kutoa maoni, mara nyingi kwa taarifa ya siku chache. Wanafunzi na wahadhiri wa sheria wa UDOM, mawakili wa Chama cha Mawakili cha Tanganyika walio hapa mjini, na Baraza la Masheikh na maaskofu wa mkoa hawahitaji tiketi ya ndege kufika kwenye ukumbi ule. Andaeni maandishi yenu sasa, yakiwa na maneno kamili ya vifungu mnavyovitaka, ili siku tangazo likitoka muwe na kitu cha kuweka mezani.